Mume Wangu Anataka Silva, Mimi Nataka Chungwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, nina miaka 41 na watoto watatu. Mume wangu ni mhasibu katika ofisi ya serikali. Tangu tuoane tumemiliki magari mawili, yote yaliyotumika, ya kuagiza Japani, na yote mawili silva. La kwanza lilikuwa silva kwa sababu ndilo tuliloweza kulimudu. La pili likawa silva kwa sababu la kwanza lilikuwa silva. Sikuulizwa, na wala sikudai kuulizwa.

Safari hii mambo ni tofauti. Mkopo wangu wa SACCOS umetoka, yeye ameuza kiwanja alichokitunza miaka mingi, na kwa mara ya kwanza maishani mwetu tumeamua kununua gari la zero kilometa. Ni gari dogo, injini ndogo, la kunipeleka shuleni, kubeba watoto na kutufikisha Dar au Singida kwa wazazi wakati wa likizo. Tunakusudia kukaa nalo miaka kumi au zaidi. Tulishuka Dar kwenye duka la kampuni inayoyauza. Rangi zilizopo ni nyeupe, nyeusi, silva, ile kijivu mpya inayofanana na saruji, bluu na chungwa.

Shangazi, lile la chungwa lilikuwa limeegeshwa nje, juani. Nilisimama nikaliangalia mpaka muuzaji akaniletea kiti. Sijawahi kutaka kitu cha aina hii namna ile. Nikamwambia mume wangu, "Hili." Akacheka, akadhani natania.

Tangu siku hiyo hatujakubaliana. Yeye anasema gari la chungwa halitauzika, dalali ataligusa kwa bei ya kutupwa. Anasema jua la Dodoma litaipausha rangi hiyo ndani ya miaka michache, trafiki watalisimamisha kila kituo, na mtu mzima mwenye wadhifa wake hawezi kushuka kwenye gari la namna hiyo mbele ya ofisi. Jana akaongeza kwamba wakaguzi wataanza kuuliza hela tumeitoa wapi. Mdogo wake anasema tuache yote tuchukue saruji, ndiyo ya kisasa. Mama mkwe ameshasema gari la chungwa ni la mabinti wa mjini au la kampuni inayotangaza biashara. Upande wangu nimebaki na binti yangu wa darasa la sita tu.

Muuzaji anataka malipo ya awali na jina la rangi kabla ya mwisho wa mwezi. Silva ipo tayari. Chungwa lililopo ni la maonyesho, kwa hiyo letu itabidi tulisubiri.

Naomba uniambie mambo mawili. Anayoyasema mume wangu ni kweli? Na je, ni utoto kugombana na mume kwa ajili ya rangi ya gari?

Anayesubiri Kusaini,
Dodoma

*

Marahaba mwanangu.

Jibu langu nakupa mapema, maelezo yafuate: chukueni la chungwa.

Swali lako la mwisho limeniuma, kwa hiyo nalianza. Si utoto. Utakatwa mshahara mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya gari hili. Utaliona kila asubuhi ukitoka ndani na kila jioni ukitoka shuleni umechoka. Ukiondoa nyumba, pengine hamtanunua kitu cha gharama kubwa kuliko hiki. Kitenge cha kushona vazi moja tunafunguliwa duka zima, muuzaji anashusha majora mpaka jasho linamtoka, na hakuna anayetuita watoto. Mwanamke aliyekopa kwa jina lake ana haki ya kusema kitu anachokilipia kiwe na sura gani, na mumeo alipocheka alitakiwa akuangalie usoni kwanza.

Sasa hoja zake. Usizidharau, maana baadhi zina ukweli ndani yake, na ukitaka akusikilize lazima umpe haki yake pale anapostahili.

Hili la kuuza, nusu yake ni kweli. Mkipata shida ya ghafla na mkalazimika kulitoa gari kwa wiki moja, la chungwa litawasumbua. Dalali atawazungusha, atasema wateja wake wanataka nyeupe, nyeusi na silva, kisha atakata bei, na kwa sababu mna haraka mtakubali. Ila hiyo ni hasara ya anayeuza akiwa amebanwa. Wewe umeniambia miaka kumi. Anayenunua gari la miaka kumi hufungua boneti, husikiliza injini ikiwa ya baridi, huchungulia chini kama oili inavuja, hugonga milango kwa kidole kutafuta puti iliyozibia palipogongwa, huuliza kilometa na kuomba kuona kadi. Rangi huitaja mwishoni, na mara nyingi ni njia ya kuombea punguzo tu.

Kuna jambo jingine ningependa mumeo alifikirie kwa utulivu: kwa nini Dodoma yote ni silva? Sisi hatukuichagua, tuliletewa. Magari mengi tunayoendesha Tanzania yalianza maisha yao Japani. Miaka ya 2000 silva ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani. Kampuni ya DuPont, iliyokuwa ikifuatilia upendeleo wa rangi za magari tangu 1953, iliitaja ya kwanza mwaka baada ya mwaka. Magari yale yakazeeka kwao, yakapigwa mnada, yakapakiwa melini na kushuka bandarini Dar es Salaam na rangi zake zilezile. Huko Japani gari lililotumika likiwa jeupe la lulu au jeusi ndilo linalogombewa zaidi mnadani, kwa hiyo silva mara nyingi ilipatikana kwa unafuu. Mnunuzi wa huku akachukua lenye unafuu, kama mlivyofanya nyinyi mara ya kwanza. Tumechukua lililopo kwa miaka mingi mpaka tukaanza kusema ndilo tulipendalo, na dalali akaligeuza kuwa sheria ya soko. Mumeo anatetea chaguo lililofanywa na mtu wa Osaka miaka ishirini iliyopita.

Tena ugonjwa huu si wetu peke yetu. Marekani, tovuti ya iSeeCars ilipochambua magari yaliyotengenezwa mwaka 2004, ilikuta kama asilimia 60 ni meupe, meusi, ya kijivu na ya silva. Kwa magari ya 2023 sehemu hiyo ilikuwa imefika asilimia 80. Hivi watu wamechoka na rangi nyekundu, kijani na bluu? Siamini hata kidogo. Nyumba zao zina rangi, nguo zao zina rangi. Wakifika kwenye gari wanamwogopa mnunuzi wa kesho. Huko ni kumpikia kila siku mgeni ambaye hajasema atakuja, huku mwenye nyumba analala na njaa. Muuzaji naye akiona watu wanachukua nyeupe na kijivu anaagiza nyeupe na kijivu, kisha anasema hizo ndizo watu wanazotaka. Mzunguko hauna mlango mpaka mtu mmoja aseme, kama ulivyosema, "Hili."

Ajabu ni kwamba hesabu zenyewe hazimpi mumeo ushindi anaoudhani. Tovuti hiyohiyo mwaka 2023 iliangalia thamani ya magari baada ya miaka mitatu ikakuta rangi iliyopoteza thamani kidogo kuliko zote ni njano, na chungwa haikuwa mbali nayo. Sababu ni uadimu wake: wanaoitaka ni wachache, lakini magari yaliyopo ni machache zaidi. Nakuomba lakini usimpige mumeo kichwani kwa taarifa hii. Ni ya soko la Marekani, na sehemu ya magari ya njano kule ni ya michezo, ambayo yangeshika bei hata yangekuwa na rangi ya matope. Gari lako la kwenda shule si hilo. Inatosha tu kuonyesha kwamba ile kauli ya "rangi kali lazima ile hasara" si amri iliyoandikwa popote.

Nimpe na historia kidogo, maana wahasibu hupenda kujua jambo lilianzia wapi. Ford Model T za mwanzo, mwaka 1908 na kuendelea, zilitoka kiwandani zikiwa za kijivu, kijani, bluu na nyekundu. Kuanzia 1914 Henry Ford akabaki na nyeusi peke yake, kwa kuwa nyeusi ile ilikuwa rahisi, imara na inafaa mwendo wa kiwanda chake. Wanunuzi wakavumilia. Mwaka 1923 kampuni ya General Motors ikaja na rangi mpya ya DuPont inayokauka haraka, ikapaka gari lake la Oakland bluu, na watu wakaanza kuhama. Kufikia magari ya 1926 Ford alikuwa amerudisha rangi. Kwa hiyo gari la rangi moja iliyopoa lilikuwa urahisi wa mwenye kiwanda, na walioliondoa ni watu wa kawaida waliotaka kitu cha kupendeza. Na katika miaka hii yetu, Juni 2023, kampuni ya Fiat ilitangaza kwamba haitatengeneza tena magari ya kijivu. Mkuu wake, Olivier François, alikaa ndani ya gari jipya likainuliwa na kreni na kuzamishwa kwenye tangi kubwa la rangi pale Lerici, Italia. Rangi iliyokuwa tangini ilikuwa chungwa. Mwonyeshe mumeo video hiyo. Huyo ni mtu mzima mwenye wadhifa wake.

Hoja ya kupauka ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, na hapa nataka usome polepole.

Wazee wetu waliona magari mekundu yakigeuka waridi, na hawakuwa wanasema uongo. Zamani rangi ilikuwa tabaka moja lililobeba kila kitu, na jua lilipiga rangi yenyewe moja kwa moja. Gari la leo likitoka kiwandani lina tabaka kadhaa. Chini kabisa ipo ile ya kuzuia kutu, ambayo bodi nzima huzamishwa ndani yake na kupitishiwa umeme. Juu yake praima, ya kushikisha rangi, halafu besi, ndiyo yenye rangi unayoiona, halafu klia, ngozi angavu inayong'aa. Zote kwa pamoja unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Ndani ya klia kumewekwa kemikali za kunyonya miale mikali ya jua kabla haijaifikia rangi. Kwa hiyo kinachokufa kwanza kwenye gari la siku hizi ni klia, na klia ya gari la chungwa na la silva ni ileile. Pita maegesho yoyote hapo Dodoma uangalie mapaa na maboneti ya magari ya zamani. Utayaona yenye mabaka meupe yanayobanduka, na utakuta ya silva na meusi yamo tele.

Lakini pale ambapo klia imekwisha, mumeo ana haki. Rangi za jamii ya nyekundu, chungwa na njano huchoka na jua haraka kuliko bluu, na gari la chungwa lililotelekezwa linaonyesha uzee wake waziwazi, wakati la silva linazeeka bila watu kugundua. Ukilichukua hili unachukua na wajibu wa kulitunza. Hata hivyo nyeupe nayo isiabudiwe. Toyota wenyewe, kule Marekani, walilazimika kuongeza muda wa dhamana ya rangi kwa baadhi ya magari yao meupe, kwa sababu mwanga wa jua ulikuwa unadhoofisha mshiko wa tabaka za chini na rangi ikawa inabanduka vipande vipande.

Utunzaji wenyewe si mgumu, tatizo ni mazoea yetu. Vumbi la Dodoma ni mchanga mtupu. Mtu anayelifuta gari kwa kitambaa kikavu asubuhi anaikwaruza klia kila siku ya Mungu, na mwaka ukiisha gari halina tena mng'ao. Mwaga maji mengi kwanza, vumbi lishuke, ndipo uguse kwa kitambaa laini na shampuu ya gari. Sabuni ya unga ni ya nguo. Pale panapooshwa magari kwa foleni, angalia sponji wanayotumia. Ikiwa imetoka kusugua matairi ya gari lililotangulia, ondoka. Kinyesi cha ndege kisilale juu ya gari, kina tindikali, na juani kinachimba alama isiyotoka. Utomvu wa mwembe vilevile, kwa hiyo kivuli cha mti si zawadi sikuzote. Paka waksi kila baada ya miezi michache. Na ukiweza kuzungumza na mkuu wako wa shule, walimu wenye magari mchangie mjenge kibanda cha bati. Hicho kitaokoa rangi kuliko ubishi wote mnaofanya nyumbani.

Kuhusu joto, kwa kuwa gari litashinda juani: maabara ya Lawrence Berkeley kule California iliwahi kuegesha magari mawili ya aina moja juani, jeusi na silva. Paa la lile jeusi lilizidi kwa hadi nyuzijoto 25, na hewa ya ndani kwa nyuzi tano hadi sita. Nyeupe na silva zinashinda hapo, sikufichi. Chungwa liko katikati, mbali na nyeusi. Fungua vioo dakika mbili kabla ya kuondoka.

Na huyo shemeji yako na saruji yake.

Hapa nitasema wazi, kwa sababu ile ndiyo rangi pekee katika orodha yenu ninayokusihi uikatae. Mtindo wa kijivu kizito kisicho na chembe za kung'aa ulipewa umaarufu na Audi kwa rangi waliyoiita Nardo Grey, na kwenye gari pana la michezo lenye mikunjo mikali ya bodi inapendeza, nakubali. Kwenye gari dogo la familia inafanana na gari lililotoka kwa fundi rangi kabla hajamaliza kazi. Hayo ni macho yangu, shemeji ana yake. Lisilo la macho ni usalama. Chuo Kikuu cha Monash, Australia, mwaka 2007 kilichapisha utafiti wa ajali za majimbo mawili, kikilinganisha rangi na nyeupe. Wakati wa mchana, magari meusi yalikuwa na hatari ya ajali iliyozidi kwa asilimia 12, kijivu 11 na silva 10. Hakuna rangi iliyoonekana kuwa salama kuliko nyeupe. Ukiitazama lami yetu, anga la mawingu na lile giza la saa kumi na mbili na nusu jioni, utaelewa kwa nini. Gari lenye rangi ya barabara linapotea barabarani. Mnasafiri Singida na Dar na watoto, kwenye barabara ambayo malori na mabasi yanapishana kwa kuovateki. Mwenye lori akuone mapema. Na rangi yoyote mtakayochukua, washeni taa mvua ikinyesha na jua linapoanza kuzama.

Tukio la kukwaruzwa na bajaji litawapata, halina rangi. Hapo silva inayosifiwa kuwa salama ina siri ambayo fundi rangi yeyote mzuri atakwambia. Silva ni miongoni mwa rangi ngumu kabisa kuoanisha. Ina chembe ndogo za metali, na namna zinavyolala hutegemea nguvu ya upepo wa bunduki ya kupulizia, wingi wa tina ya kuzimulia rangi na hata mkono wa fundi. Ndiyo maana barabarani unaona magari ya silva yenye mlango mmoja uliozidi weusi au weupe kuliko mingine. Nyeupe ya lulu nayo inasumbua, kwa sababu ina tabaka la ziada. Rahisi kuliko zote ni nyeupe ya kawaida. Muulize muuzaji kama chungwa lenu ni rangi kavu, isiyo na chembe za metali, au lina chembe. Likiwa kavu, fundi atalipata vizuri akiwa na namba ya rangi, ambayo kwa kawaida imeandikwa kwenye kibati kilicho mlangoni au ndani ya boneti.

Kuhusu trafiki, tochi inapima mwendo, haipimi rangi. Kuhusu bima, hata bima kubwa inaangalia thamani na matumizi ya gari. Na mama mkwe usimjibu neno. Gari likifika, Jumapili ya kwanza mpeleke kanisani nalo akiwa amekaa mbele.

Nimemaliza ya rangi, bado mumeo.

Soma tena barua yako uangalie mpangilio wa sababu zake. Alianza na bei, akaja jua, akaja trafiki, akaja cheo, na mwishoni, jana tu, akataja wakaguzi. Mtu anayebadilisha sababu mara tano ana moja ambayo bado hajaisema. Amekaa maisha yake yote ya kazi kwenye kiti ambacho mtu husifiwa kwa kutoonekana. Gari la silva linaingia maegesho ya ofisi na hakuna anayeinua kichwa. La chungwa litaulizwa ni la nani siku hiyohiyo. Isitoshe, kiwanja alichouza ndicho kilichokuwa akiba yake ya siku mbaya, na sasa akiba hiyo inageuka kuwa gari. Akisema "halitauzika" huenda anasema "na tukipata shida nitashika nini?" Hofu hiyo ni ya mume anayejali nyumba yake, na inastahili jibu.

Basi mpe jibu lenyewe. Kaeni watoto wakishalala. Usianze na chungwa. Anza na akiba: semeni kila mwezi mtatenga kiasi gani, kwa jina la nani, ili mkipata msiba au ugonjwa msilazimike kuliuza gari kwa wiki moja. Hoja ya kuuza itakuwa imepata dawa yake, na dawa hiyo ingehitajika hata mngechukua silva. Kisha wakaguzi: mkataba wa mauzo ya kiwanja, nyaraka za mkopo wa SACCOS na risiti za gari viwekwe kwenye faili moja. Mkaguzi akitaka kujua hela imetoka wapi atataka karatasi, na gari jipya la silva lingemfanya aulize vilevile. Halafu ndipo umwambie ulichoniambia mimi, kwamba hujawahi kutaka kitu namna ile. Usimwambie mbele ya mdogo wake wala mama yake. Mwambie pia kwamba magari mawili yamepita hukuulizwa. Sidhani kama analijua hilo.

Akiwa bado hawezi, akakuambia kwa moyo mweupe kwamba kila siku atakuwa anajificha akishuka, basi kubalianeni bluu. Bluu hustahimili jua vizuri, inasomeka barabarani kuliko saruji, na haitamtoa jasho ofisini. Msikutane katikati kwa kuchukua kijivu ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyekipenda.

Kabla ya kusaini rudini dukani, au mwombe ndugu aliye Dar, mliangalie lile la maonyesho mara mbili, saa sita mchana na jioni jua likishuka. Chungwa ni rangi inayobadilika sana na mwanga, na picha ya simu inaipotosha. Mkague na mambo ya ndani pia. Kiti cheusi cha kitambaa na kiti cha ngozi nyeusi ni mambo mawili tofauti ukiwa umeegesha juani kutwa. Ulizeni kama rangi hiyo ina nyongeza ya bei, na kama wanauza kichupa cha kuzibia mikwaruzo midogo cha rangi hiyohiyo. Na msiingie na wazo la kununua silva mkaja kubadilisha rangi baadaye. Rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, mkiibadilisha lazima mrudi TRA, na rangi ya fundi haitakuwa sawa na ile ya kiwandani.

Oda iandikwe jina la rangi na namba yake, pamoja na muda wa kusubiri na haki yenu ya kurudishiwa malipo ya awali likija la rangi nyingine. Muuzaji akipiga simu baada ya mwezi kusema silva iko tayari na chungwa imechelewa, mwambieni mtasubiri.

Shangazi